Mercredi anatetea watoto wote wa ajabu, isipokuwa mmoja

Wandugu, tuseme ukweli kwanza. Hapa kwetu, kati ya Beni na Butembo, watu wanaolipa Netflix kila mwezi si wengi. Lakini ile seri ya Mercredi imepita. Imepita kwa flashi, imepita kwa simu hadi simu, imepita usiku wakati watu wanalala. Hata mtu ambaye hajaangalia epizodi moja anaijua ile dansi ya msichana mwenye nguo nyeusi asiyepepesa macho. Basi seri hii ni yetu pia, na tuko na haki ya kuijadili kwa akili zetu.

Kwa wale ambao haijawafikia: ilitoka Netflix tarehe 23 Novemba 2022 kwa jina la Wednesday, epizodi 8, na kwa Kifaransa wakaiita Mercredi. Walioibuni ni Alfred Gough na Miles Millar, na Tim Burton aliongoza epizodi 4 za sezoni ya kwanza. Jenna Ortega ndiye anayecheza Mercredi Addams, mtoto wa familia iliyozaliwa katika katuni za Charles Addams huko Marekani mwaka wa 1938. Huyu Mercredi anafukuzwa shule sababu amemwaga piranha, samaki wenye meno makali, ndani ya bwawa ambamo wavulana waliomtesa mdogo wake wanaogelea. Wazazi wanampeleka Nevermore, interna ya watoto wa ajabu: wale wanaogeuka mbwa mwitu, wale wenye sauti ya kutawala akili ya mtu, wale wa kusukuma vitu bila kuvigusa. Karibu na shule kuna mji mdogo wa watu wa kawaida, Jericho. Na porini kuna kiumbe kinachoua watu. Mercredi anaanza uchunguzi.

Anayetaka kuiangalia bila kujua mwisho asimamie hapa, juu nitafunua kila kitu.

Wengi wanauliza kama seri ya namna hii inafaa kwa vijana wa huku. Msichana anacheka na makaburi, anasifia mateso, anatamani maafa. Sisi watu wa Beni, ambao tangu Oktoba 2014 tunazika watu waliouawa kwa mapanga, tucheke nini hapo? Swali ni la haki. Lakini angalieni vizuri Mercredi anamcheka nani. Anajicheka yeye mwenyewe, anacheka kifo chake mwenyewe, anacheka wakubwa wanaojifanya watakatifu. Kichekesho kikali kuliko vyote ndani ya ile seri ni Pilgrim World, bustani ya burudani pale Jericho ambapo watalii wanauziwa pipi na picha nzuri za wazee wa kwanza wa mji. Baadaye Mercredi anaona kwa maono yake kwamba kiongozi wa wale wazee, Joseph Crackstone, aliwafungia waliotengwa ndani ya nyumba ya mkutano akaichoma moto. Mji mzima unauza pipi juu ya majivu ya watu. Hicho si kichekesho juu ya wafu. Ni kichekesho juu ya walio hai wanaokula faida ya wafu, na mtu wa Beni anakielewa haraka kuliko mtu wa Paris.

Na yule msichana anayejifanya hana machozi, anatuambia alilia mara moja, alipokuwa na miaka 6, siku watoto wengine walipomuua nge wake. Kwenye matanga yetu pia kuna kila mara mjomba mmoja wa kuchekesha watu, na mara nyingi ni yeye aliyeumia zaidi. Basi tuache hilo la ucheshi. Neno langu liko kwingine.

Seri hii ni hadithi ya mtoto wa ajabu, na hadithi za mtoto wa ajabu sisi tumezijua zamani, ila zilikuwa zinaenda upande mwingine. Kumbukeni filme za Nigeria zilizofika huku kwa kaseti na VCD. Mwaka wa 1999 ilitoka moja iliyoitwa End of the Wicked. Ndani yake watoto wanaingizwa katika kundi la walozi usiku, kisha wanaharibu familia zao. Iliandikwa na Helen Ukpabio, mhubiri mwenye kanisa lake, na watetezi wa haki za watoto waliilaumu kwamba imewapa watu sababu ya kuwatesa watoto. Kinshasa nako kulikuwa na maigizo ya televisheni ya vikundi vya kanisa, ambamo ugonjwa, ukosefu wa kazi na ndoa inayovunjika vina chanzo kimoja: kuna mtu ndani ya nyumba aliye na ndoki, na pasta atamfunua. Katrien Pype alitoa kitabu kizima juu ya maigizo hayo mwaka wa 2012. Mpango wa hadithi ni ule ule kila mara. Kuna shida. Kuna maono. Kuna mtu anayeonyeshwa kidole. Na mara nyingi ni yule asiye na nguvu: mjane, yatima, mtoto anayekojoa kitandani, mtoto mwenye akili sana.

Huku kwetu tunasema polepole: "Ule mutoto iko na kitu." Haitajwi ni kitu gani. Neno "kitu" linatosha kumtoa nyumbani.

Wanasheria walio kati yetu wanajua kwamba nchi yetu imelikataa jambo hili kwa maandishi. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto ulozi, na inaliweka shitaka hilo pamoja na kumtupa na kumtesa. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayemshtaki. Yaani kwa sheria ya Kongo, ukisema "huyu mtoto ni mulozi", mwenye kosa ni wewe. Lakini sheria haiangaliwi jioni baada ya kula. Filme ndiyo inaangaliwa. Kwa miaka mingi zile filme zilikuwa zinafundisha kinyume cha sheria.

Njo maana naona Mercredi imefanya kazi nzuri, na sijui kama waliotengeneza walijua inaenda kufanya kazi gani Butembo. Imechukua ule ule mpango wa shida, maono na kidole, ikaugeuza.

Angalieni Rowan, kijana wa epizodi ya kwanza. Mama yake, kabla ya kufa, alichora maono: msichana mwenye misuko miwili amesimama mbele ya shule inayowaka moto. Rowan anaamini kwamba msichana huyo ni Mercredi na kwamba ataangamiza kila mtu. Anajaribu kumuua. Kwa akili yake anaokoa shule. Mpaka epizodi ya mwisho ndipo tunaelewa: mchoro ulikuwa wa kweli, moto ulikuwa wa kweli, msichana alikuwa ni yeye, lakini alikuwa pale kwa ajili ya kuiokoa shule. Maono hayakudanganya. Aliyesoma maono ndiye aliyekosea. Ningependa jambo hilo lisemwe katika kila chumba cha maombi ambapo mtoto anapigishwa magoti.

Na seri haimpi Mercredi mwenyewe ruhusa ya kupita juu ya kanuni hiyo. Yeye pia ana maono, na yanampoteza. Anamwona Xavier, mwenzake wa shule, akichora kile kiumbe mara nyingi. Anakuta vitu katika chumba chake cha kuchorea. Anajumlisha, anapata hesabu inayopendeza, anamfanya akamatwe. Xavier hana kosa. Mchunguzi wetu mwenye akili nyingi amemfungisha mtu asiye na hatia, kwa sababu tu alikuwa wa ajabu kidogo na alikuwa karibu na kila tukio. Sisi tulioishi Ebola tunaijua hesabu ya namna hiyo. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 watu 2.287 walikufa kwa ugonjwa ule, sehemu kubwa ikiwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Lakini katika miezi ile hatukuogopa kirusi peke yake. Kulikuwa na uvumi kwamba waganga wameuleta, kwamba ni biashara, kwamba wanaoingia hospitali hawatoki. Tarehe 19 Aprili 2019 watu wenye silaha walimuua daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja kutusaidia, hapa Butembo, kwenye hospitali ya Graben. Kidole kinaponyooshwa bila ushahidi, mara nyingi kinafika kwa mtu aliyekuwa karibu, si kwa mwenye kosa.

Mpaka hapo mimi na seri tuko pamoja. Sasa tufike kwa Tyler.

Tyler Galpin ni mtoto wa sherifu wa Jericho. Anauza kahawa, ana tabasamu, anampenda Mercredi. Kumbe kile kiumbe cha porini ni yeye. Ni Hyde. Na Hyde ni nini? Seri inaeleza wazi: ni mtu aliyezaliwa na kitu hicho ndani ya damu, kimelala. Kinaweza kulala maisha yote. Kinaamshwa na jeraha kubwa la moyo, au na dawa, au na mtu anayejua kutawala akili. Na kikiisha kuamka, kinamtii aliyekiamsha kama bwana wake.

Aliyemwamsha Tyler ni mwalimu, mama Thornhill, ambaye jina lake la kweli ni Laurel Gates. Alimtafuta kijana aliyefiwa na mama, mwenye baba asiyesema naye. Alimwambia siri ya mama yake ambayo baba aliificha. Alimpa dawa. Alimtia pangoni na minyororo. Kisha akamtuma kuua watu na kukata viungo vyao kwa ajili ya kazi yake mwenyewe. Tyler anasema kwamba mwanzoni alikuwa anaamka uchi, ana damu mwilini, hajui amefanya nini. Polepole akaanza kukumbuka. Na polepole akaanza kupenda.

Wandugu, someni tena fungu hilo mkiondoa neno Hyde. Mtoto asiye na ulinzi nyumbani. Mtu mzima anayempata, anampa maneno matamu, anampa dawa, anamfunga, anamfundisha kuua, mpaka siku moja mtoto anaona ladha yake. Sisi hapa hatuhitaji mwalimu wa filme kutueleza hiyo ni hadithi gani. Tunalo jina lake tangu 1996: kadogo. Wengine waliingia kwa kubebwa, wengine kwa njaa, wengine kwa hasira ya baba aliyeuawa. Kule Ituri, jirani zetu, jambo hilo ndilo lililoleta hukumu ya kwanza kabisa ya Korti ya Kimataifa ya La Haye: Thomas Lubanga, tarehe 14 Machi 2012, kwa kuwaingiza watoto wa chini ya miaka 15 vitani.

Na sasa, seri iliyotetea mbwa mwitu, wenye sauti, wasukuma vitu, hata mkono uliokatwa unaotembea peke yake, inamfanyia nini mtoto huyu mmoja? Inamwita mnyama tu. Mercredi anamfunga kwenye kiti na kumtesa ili aseme. Wenzake wanaona imezidi, wanaondoka. Hapo seri ina aibu kidogo. Lakini aibu hiyo inafutwa baada ya dakika chache, juu kwenye ofisi ya polisi Tyler anamnong'oneza Mercredi kwa raha jinsi hofu ya watu ilivyo tamu. Ni kama seri inatuambia: mmeona? Mliomhurumia mmekosea. Mateso yalikuwa sawa. Picha ya mwisho tunayompata katika sezoni ya kwanza ni yeye amefungwa minyororo ndani ya gari, anaanza kugeuka. Ile minyororo ya pangoni imekuwa minyororo ya serikali, na hakuna mtu ndani ya hadithi anayeona kwamba ni kitu kimoja.

Zaidi ya hapo, Nevermore yenyewe, shule ya waliotengwa, ilikuwa imekwisha kuwakataza Hyde kuingia, miaka mingi kabla. Mama yake Tyler alisoma pale. Mtoto wake asingeweza. Yaani nyumba iliyojengwa kwa ajili ya wote waliofukuzwa ina mlango mmoja uliofungwa, na aliyebaki nje ya mlango huo ndiye Laurel Gates alimkuta. Kama wangempokea, kama mtu angemwambia kwa upole mama yako alikuwa nani na wewe una nini, je, yule mwanamke angekuwa na nini ya kumuuzia? Seri inaweka vipande vyote vya swali hilo mezani, kisha inaondoka bila kuliuliza.

Najua jibu litakalokuja, na ni jibu zito. Mtu aliyemzika kaka yake Mbau au Oicha atasema: msinihubirie huruma ya muuaji. Alikuwa mtoto, sawa, lakini panga lilikuwa mkononi mwake. Na Tyler pia, wale aliowaua walikuwa na mama zao. Siwezi kumwambia mtu huyo kwamba amekosea. Ila kuna tofauti kati ya kudai haki na kudai kwamba mtu alizaliwa mnyama. Ukidai haki, unauliza: alifanya nini, nani alimtuma, nani alimtengeneza? Ukidai mnyama, huulizi tena kitu. Na asiyeulizwa kitu ndiye anafurahi zaidi, juu ni yule bwana wa pangoni.

Korti ilikwisha kukutana na Tyler wa kweli. Dominic Ongwen alitekwa na LRA kaskazini mwa Uganda mnamo 1987, akiwa na miaka kama 9. Alikua ndani ya porini akawa kamanda, na yeye pia akaingiza watoto wengine vitani. Tarehe 4 Februari 2021 alikutwa na hatia ya makosa 61. Wanasheria wake walisema utoto wake ulivunjwa. Majaji walikataa kwamba hilo linamfanya asiwe na hatia. Lakini siku ya kumpa adhabu, walilikumbuka: wakampa miaka 25, wakisema wazi kwamba kutekwa kwake akiwa mtoto kumepunguza hukumu. Rufaa ikathibitisha yote tarehe 15 Desemba 2022, wiki 3 tu baada ya Mercredi kutoka. Unaweza kuikubali hukumu hiyo au kuikataa. Kuna walioona miaka 25 ni kidogo, kuna walioona ni mingi. Lakini majaji walibeba mambo mawili kwa mikono miwili: huyu ameua, na huyu ameharibiwa. Seri yenye epizodi 8 na pesa zile zote imeshindwa kubeba mawili, imebeba moja.

Sezoni ya pili, iliyotoka kwa vipande 2, Agosti na Septemba 2025, imejaribu kurekebisha. Tyler amefungwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Willow Hill. Anamuua Thornhill, bwana wake wa zamani. Anakutana na mama yake, ambaye kumbe hakufa, na tunaona jinsi watu wenye uwezo wa ajabu walivyofanyiwa majaribio kama panya. Mwishoni mama anakufa, na mwalimu mmoja anamwita Tyler aende kuishi na Hyde wengine. Ni hatua, nakubali. Kwa mara ya kwanza mtu anamfungulia mlango. Ila tazameni ni mlango gani: wa kwenda kwa wenzake, mbali na wengine wote. Jericho haimuulizi kitu, Nevermore haimuulizi kitu, na yeye haombi msamaha kwa mtu. Huku kwetu tumewaona vijana waliotoka porini na kupelekwa kuishi kando na wenzao, bila kijiji chao kuulizwa kama kiko tayari kuwapokea. Wengi walirudi kule walikotoka. Kumweka mtu na waliofanana naye ni rahisi. Kazi ngumu ni kumrudisha pale alipoharibu, mbele ya watu wale wale.

Basi je, tuwaambie wadogo zetu wasiangalie Mercredi? Hapana, waiangalie. Mtoto wa Butembo anayeitwa "mwenye kitu" na jirani zake, akimwona msichana wa ajabu ambaye wazazi wake wanampenda hivyo hivyo alivyo, amepata kitu ambacho End of the Wicked haikumpa. Na mtoto atakayejifunza kwa Rowan na Xavier kwamba maono si ushahidi, amepata zaidi. Ila wakifika kwa Tyler, kaka na dada wakubwa tuwe karibu, tuwaulize: yule alizaliwa hivyo, au kuna mtu alimfanya hivyo? Na baada ya kujua, tungemfanya nini?

Sezoni ya tatu imekwisha kutangazwa, labda waandishi wake watajaribu kujibu. Sisi tusingoje. Kati ya Beni na Butembo kuna kilomita kama 50, na katika kila kijiji cha njia hiyo kuna mtu anayelijua swali hilo kwa jina la mtoto fulani.